Watu Wasizidi Kumi

Safari ya kwanza ya kuipeleka barua, Prudensia alivaa viatu vyake vya kanisani. Ya tatu alivaa kandambili. Ilipofika ya tano hakuangalia tena miguuni. Aliangalia tu karatasi isilowe.

Barua yenyewe haikuwa na mambo mengi. Aliiandika kwenye karatasi ya katikati ya daftari la mwanawe, kwa mwandiko wake wa duara, mwandiko uliompatia sifa hadi darasa la saba na baada ya hapo haukumpatia kitu, mpaka akina mama wa kijiji cha Omukagoma walipomchagua kuwa katibu wao. Iliomba ruhusa ya kusimama kwenye uwanja wa gulio, mbele ya ofisi ya kijiji, Alhamisi asubuhi, ili akina mama waseme juu ya chemchemi ya Kyamaizi kabla halmashauri ya kijiji haijakaa. Basi.

Kyamaizi iko chini ya mteremko, hatua chache baada ya migomba ya mwisho. Maji yake ni membamba lakini hayakatiki, hata Agosti. Kwa kuwa ni membamba, watu hupanga foleni. Na kwa kuwa hakuna mwenye muda wa kusimama foleni, madumu ndiyo husimama. Jioni unaweka dumu lako nyuma ya dumu la mwenzako, unarudi kibanjani kwako, unapika, unalala, na ukishuka alfajiri unalikuta palepale ulipoliacha. Dumu likiwa kwenye foleni ni mwenyewe. Halipigwi teke, halirukwi, halisogezwi. Atakayelisogeza la mwenzake, awe nani, atalijaza yeye na kulibeba yeye mpaka mlangoni kwa mwenye dumu. Sheria hiyo haijaandikwa mahali. Prudensia alipoolewa pale aliikuta, na mama mkwe wake Tukahirwa naye alipoolewa aliikuta, enzi za mitungi na vibuyu.

Mwezi wa sita Kaijage akaununua mteremko. Huyu ni mfanyabiashara wa ng'ombe, mtu wa kupita mpakani Murongo kila wiki. Alinunua kwa warithi wanaokaa mbali, akazungusha seng'enge, na chemchemi ikabaki ndani. Hakumtukana mtu. Alisema tu kwamba ng'ombe wake nao wanakunywa, na kwamba karatasi zake ziko ofisini zinasubiri kupitishwa na halmashauri ya kijiji. Siku ikatajwa: Alhamisi, siku ya gulio. Wakishapitisha, imepita.

Tangu hapo maji yanatoka mtoni, bondeni. Kushuka ni saa nzima. Kupanda na lita ishirini kichwani, usiulize. Prudensia aliweza dumu moja asubuhi na moja jioni, zaidi ya hapo mgongo ulikataa. Na nyumbani alikuwapo Tukahirwa, aliyepooza upande mmoja tangu mwaka jana, ambaye asipoogeshwa kila siku ngozi inaanza kuchunika. Mume alikuwa Murongo na bodaboda yake. Jumapili yupo, Jumatatu hayupo. Basi kila siku Prudensia alisimama mbele ya dumu akichagua: mama aoge, au maharage yachemke. Siku mbili mfululizo alichagua maharage. Siku ya tatu alipomgeuza mama aliona kiunoni pamekuwa pekundu, pamelainika kama ndizi iliyoiva kupita kiasi. Alimfunika, akatoka nje, akatafuta kalamu.

Mtendaji wa kijiji, Privatus, kijana wa Muleba aliyeletwa pale kabla ya masika, aliisoma barua akiwa amesimama. Hakuwa mtu mbaya. Alieleza kwamba uwanja wa gulio ni mali ya umma, na kwa sababu ni mali ya umma, si kila mtu wa umma anaweza kwenda kusimama pale akasema. Kwanza barua ipite kwa mwenyekiti wa kitongoji.

Mwenyekiti wa kitongoji, mzee Muhwezi, alikuwa machungani. Prudensia alimsubiri kwenye zizi mpaka ng'ombe waliporudi. Mzee alisaini bila kusoma, akasema muhuri hana, waliuchukua kijijini ili waandike upya majina ya mipaka, na huu ni mwaka wa pili. Kesho yake Privatus akasema saini bila muhuri ni mchoro tu. Kisha akavuta droo yake, akautoa muhuri wa mzee Muhwezi, akaupuliza vumbi, akagonga mwenyewe.

“Sasa nenda kata,” alisema.

Kata walitaka majina ya watakaosema, na yale watakayoyasema, yote, nakala tatu. Prudensia alikaa kwenye benchi la nje akaandika juu ya goti. Sentensi sita, mara tatu. Mtendaji wa kata alizisoma akiwa na kalamu nyekundu, polepole, kama mwalimu anayetafuta kosa ambalo anajua lipo. Akakata ya tatu, kwa sababu ilimtaja Kaijage na Kaijage hakuwapo kujibu. Akakata na ya sita, iliyouliza kati ya ng'ombe na mtu aliyelala kitandani nani atangulie kunywa. Alisema hotuba haiulizi. Ukiuliza, watu watajibu, na watu wakijibu kwa pamoja ndiyo inaitwa fujo. Zikabaki nne, akazigongea muhuri, akamwelekeza polisi.

Siku ya kwanza ya polisi, mkuu wa kituo alikuwa kwenye msafara wa mgeni. Prudensia alikaa mpaka saa tisa. Alijua kukaa. Aliona kwamba wenye kesi za bodaboda wanasikilizwa mapema kwa kuwa wanaongea kwa sauti, na wenye barua wanasikilizwa mwisho kwa kuwa barua haipigi kelele. Siku hizo za safari jirani yake Xaveria ndiye aliyemgawia nusu dumu ili mama apate hata kufutwa na kitambaa, naye Xaveria ana wajukuu watano. Kila akirudi Prudensia alikwenda moja kwa moja kumgeuza mama na kumwangalia kiuno. Hapakuwa pamepasuka, lakini hapakuwa pamepona.

Jumatano alimkuta mkuu wa kituo. Alimpa kiti, akamwita dada, akauliza watakuwa watu wangapi. Prudensia akasema kaya ni mia moja na arobaini. Yule bwana aliacha kuandika, akamtazama kwa huruma ya kweli, kisha akainamia karatasi. Aliandika: dakika thelathini, bila kipaza sauti, watu wasizidi kumi.

“Nimekusaidia, dada,” alisema. “Wengine huwa siwapi kabisa.”

Prudensia alishukuru. Alishukuru kweli, kwa sababu alikuwa amechoka, na mtu aliyechoka hushukuru hata kwa kuonyeshwa mlango.

Alirudi alasiri. Akina mama walikuwa wanamsubiri kibanjani kwa Xaveria, wengi wametoka mtoni moja kwa moja, ngata bado ziko vichwani na madumu yamepangwa ukutani. Aliwasomea. Xaveria, aliyekuwa anamenya ndizi, akasema kwamba kumi hawatoshi hata kumenya ndizi za msiba. Wakacheka kidogo. Halafu ubishi ukaanza, nani awe kwenye hao kumi. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, na sababu zote zilikuwa za kweli: mwenye mimba, mwenye mapacha, mwenye mume aliyevunjika mguu akishuka bondeni na baiskeli. Mmoja akasema twende wote, watatufanya nini. Xaveria akamkumbusha kwamba watafutiwa hicho kibali, karatasi za Kaijage zitapita, na wao watakuwa wanahojiwa majina ya baba zao. Hakuna aliyebisha.

Prudensia hakuwa akisikiliza sana. Alikuwa ameegemea nguzo akitazama yale madumu ukutani. Aliyafahamu yote. Lile lililofungwa utepe mwekundu ni la mama mzazi wa Dastan, yule mgambo wa kijiji. Lile lililoungua ubavuni ni la Avelina, mke wa mwenyekiti wa kijiji. Lile la gunzi la mahindi badala ya kifuniko, la mwenye mapacha. Ukimwuliza mtu yeyote wa Omukagoma, awe mwanamume asiyechota maji hata siku moja, atakuambia hili la nani na lile la nani, kama anavyojua ng'ombe wa jirani.

“Karatasi inahesabu watu,” alisema. “Tuwapeleke watu kumi. Waliobaki waweke madumu.”

Ilibidi arudie. Safari ya pili walielewa, na Xaveria aliacha kisu.

Jioni hiyo Prudensia alipomwambia Tukahirwa, mama alinyanyua ule mkono wake mmoja unaosikia akaonyesha uvunguni. Tangu apooze alisema maneno machache na kwa shida, kwa hiyo alichagua yaliyo ya lazima. “Langu pia,” alisema. Dumu lake lilikuwa uvunguni mwaka mzima, limefubaa, limezibwa kwa ndizi mbichi iliyokwisha kukauka. Prudensia alilisuuza kwa maji ya kikombe kimoja, akachuma ndizi nyingine ndogo, akaliziba upya.

Alhamisi kulipokucha foleni ilikuwa imesimama. Ilianzia kwenye ngazi ya ofisi ya kijiji, ikapita katikati ya uwanja wa gulio, ikakwepa sehemu za wauza dagaa na wauza mitumba, ikaishia kwenye mlingoti wa zamani wa bendera. Madumu mia moja na arobaini, ya wale kumi yakiwemo: kaya moja walikuwa na msiba, lakini ya kwa Prudensia ilileta mawili. Wenyewe hawakuwapo. Walikuwa mashambani wanapalilia, kila mtu kwake. Pale mbele walisimama wanawake kumi tu, Prudensia akiwa na kibali mkononi na Xaveria amejifunga kitenge kipya.

Wauzaji walipokuja hawakuuliza. Walitandika bidhaa zao kando ya foleni, na wanunuzi wakawa wanazunguka, wengine mpaka mwisho kabisa, ili wasiruke dumu la mtu. Kaijage alikuwa kwenye pikapu yake ng'ambo ya barabara, kioo kimeshushwa nusu, anaangalia.

Privatus alitoka saa tatu. Aliwahesabu wanawake kwa kidole, akasoma kibali, akawahesabu tena.

“Na haya?” aliuliza.

“Madumu, mtendaji,” alisema Prudensia.

“Naona ni madumu. Yanafanya nini hapa?”

“Yamepanga foleni.”

“Foleni ya nini? Hapa hakuna maji.”

“Ndiyo, waitu,” alisema Prudensia. “Hakuna.”

Alilisema kwa upole, na kwa hilo “waitu” la heshima, kama alivyozoea kuwajibu watu wa ofisini, na Privatus alisimama na karatasi ile bila kujua aipeleke wapi. Kisha akamwita Dastan mgambo, akamwamuru aondoe vitu hivi mlangoni, wajumbe wanakuja. Dastan alipiga hatua mbili. Akauona utepe mwekundu wa mama yake, wa nne kutoka mbele. Akasimama, akavua kofia, akaivaa tena.

“Mtendaji, dumu la mtu kwenye foleni halisogezwi.”

“Nani kasema?”

“Hakuna aliyesema. Ndivyo ilivyo.”

Dastan alijaribu kumweleza pembeni, kwa sauti ya chini, lakini Privatus alikuwa ameshaona watu wanamtazama. Alishuka ngazi, akafika kwenye dumu la saba, lile lililofubaa ambalo kwake lilionekana halina mwenyewe, akalisukuma kwa ncha ya kiatu. Halikuwa na kitu ndani. Lilianguka, likabingirika, likagonga jiwe, na mlio wake ulikuwa mkubwa kuliko dumu lenyewe. Mama muuza dagaa aliyekuwa anapima aliacha kupima. Uwanja mzima ulinyamaza, na Privatus akasikia kunyamaza kule akageuka, uso umembadilika, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu akakuta wanasali.

Aliyetembea kulifuata alikuwa mzee Muhwezi, aliyekuwa anafika na wajumbe wengine wa halmashauri. Aliliokota, akaipangusa ile ndizi kwa shati lake, akalirudisha palepale, kati ya la sita na la nane, akalizungusha kidogo mpaka mshikio wake ukaelekea upande uliokuwa umeelekea mwanzo. Hakumwambia mtendaji kitu. Alisema kwa watu wote, au kwa hewa tu: “Hili la Tukahirwa.”

Mwenyekiti wa kijiji, Elipidius, alikuja nyuma yao na faili kwapani. Njia ya kuingia ofisini ilikuwa moja, kando ya foleni, na ilibidi wajumbe waifuate wakiwa mmojammoja. Prudensia aliwaangalia. Kila mmoja alitembea vizuri mpaka alipofikia dumu la kwake, hapo hatua ikapungua. Elipidius alipunguza hatua penye dumu lililoungua ubavuni. Avelina hakuwa amemwambia.

Ndipo Prudensia akasoma. Sentensi nne. Kwamba Kyamaizi ni maji ya Omukagoma tangu mababu. Kwamba maji yale hayajawahi kukauka. Mahali pa sentensi ya tatu alinyamaza, akavuta pumzi kwa muda ambao ingechukua kuisoma, na watu wengi waligeuka wakaitazama pikapu. Kisha akaendelea: kwamba bondeni ni saa moja kushuka. Kwamba akina mama wanaomba halmashauri isipitishe kitu leo. Mahali pa ya sita napo alinyamaza. Yote ilichukua dakika mbili. Zilibaki ishirini na nane, nao walikuwa wamepewa thelathini, kwa hiyo walisimama pale kimya mpaka zikaisha, jua likiwapiga, kisha wakajipanga pembeni kwenye kivuli cha ukuta.

Kikao kilikwenda mpaka saa nane. Dastan, aliyekuwa anasimamia mlango, ndiye aliyesimulia baadaye: lilipofika suala la Kaijage, mwenyekiti aliuliza wanaokubali wanyooshe mikono. Akangoja. Akauliza tena. Mmoja alikuna sikio, mwingine akamwangalia vizuri kuona kama anakuna au ananyoosha. Basi ikaandikwa kwamba shauri limeahirishwa, litapelekwa mkutano mkuu wa kijiji, tarehe itatangazwa. Seng'enge ibaki ilivyo.

Xaveria aliguna alipoambiwa. Tarehe itatangazwa, alisema, hata kiama kimeandikiwa hivyohivyo. Wenye madumu walikuja kutoka mashambani, kila mmoja akachukua lake, wengi wakashuka nalo moja kwa moja bondeni kwa kuwa maji ya jioni yalikuwa bado. Pikapu ya Kaijage ilikuwa imekwisha kuondoka. Prudensia alichukua lake. Alipogeuka kuchukua la Tukahirwa hakulikuta. Akatafuta nyuma ya ofisi, akawauliza wauza mitumba. Hakuwa na nguvu ya kukasirika. Akashuka na moja.

Alikuwa amekwisha kurudi, na jua linaelekea kuzama, alipoona mtu anapanda njia ya kibanjani akiyumba. Alikuwa Privatus. Dumu lilikuwa begani, hakujua kulibeba kichwani, na shati lote la upande ule limelowa. Viatu vyake vyeusi vilikuwa vimekuwa vyekundu kwa udongo. Alilitua mlangoni, akakaa kizingitini bila kukaribishwa. Prudensia alimsalimu, akampa kigoda, lakini yeye hakuhama.

Ilikuwa wazi kwamba wamemweleza sheria ya dumu. Wangemweleza tu, anakunywa maziwa ya kwa Muhwezi na kula ndizi za kwa Avelina, na asipolibeba asingepata tena vyote viwili. Alikaa anapumua kwa muda mrefu.

“Ni mbali,” alisema hatimaye.

“Ndiyo.”

“Na kwenye ile kona ya mawe hakuna pa kupumzikia.”

“Hakuna. Sisi tunapumzikia juu yake, penye mwarobaini.”

Aliitikia kwa kichwa kama mtu anayeandikiwa dawa. Kisha akauliza kama ana karatasi. Prudensia alileta daftari, na yeye akaandika juu ya goti tangazo la mkutano mkuu wa kijiji cha Omukagoma, ajenda moja, chemchemi. Akasaini. Mahali pa tarehe aliacha mstari mtupu. Alisema tarehe lazima aongee kwanza na kata, na kata lazima waongee na kituo, kwa kuwa mkutano mkuu ni watu wengi. Alilisema akitazama chini, naye Prudensia akasema sawa. Aliikunja karatasi akaiweka juu ya kabati, karibu na kibali cha watu kumi.

Privatus alipoondoka alikuwa anachechemea. Prudensia aliyagawa maji. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili yalikuwapo madumu mawili jioni moja, kwa hiyo hakuchagua. Aliinjika maharage, akapasha beseni, akamgeuza mama. Kiunoni palikuwa bado pekundu. Alimwosha polepole, kwa sabuni ya kipande, akaanza mgongoni, na mama akafumba macho kwa ule uvuguvugu.

“Nani kaleta?” aliuliza Tukahirwa.

“Mtendaji.”

“Alilisogeza?”

“Alilisogeza, mama.”

Maharage yalikuwa yameanza kuchemka. Kisha ule mkono mzima ukainuka juu ya shuka, ukaonyesha mlangoni, ambako dumu lilikuwa limesimama likiwa tupu.

“Kesho,” alisema, “lirudishwe palepale uwanjani.”